Salamu Tuliyochelewa Kuirudisha

Yako mambo ambayo mtu akiyakumbuka huona haya mbele ya nafsi yake. Moja katika hayo twataka kuwaeleza wasomaji wetu, si kwa kujisifu, bali kwa kutaraji kwamba kijana mmoja wa Kiislamu atalisoma na asifanye tulivyofanya sisi.

Mwaka 2012 tulijaaliwa kusoma katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Ohio, Marekani. Katika darasa la takwimu, ubavuni mwetu alikaa mtu aliyetushinda sote kwa umri. Wengine walikuwa vijana wa miaka 18 na 19. Yeye alikuwa amekwisha vuka 30. Hakuzungumza na mtu, na kila siku alichagua kiti cha nyuma kabisa, mgongo wake ukiwa ukutani na macho yake mlangoni. Tulisikia kwamba alikuwa askari, na kwamba alipelekwa Iraki mara mbili.

Ijumaa moja tuliingia darasani na kanzu na kofia, tumetoka msikitini. Yule mtu akatutazama, akasema kwa sauti ndogo, "Assalaamu alaikum." Hatukumjibu. Tulifungua kitabu chetu kama kwamba hatukusikia. Moyoni tulisema: Maneno haya ameyapata wapi, ila katika nyumba za Waislamu alizoziingia na bunduki? Tukadhani kunyamaza kwetu ni ghera ya dini.

Baada ya wiki mbili kiti chake kikawa kitupu. Kikawa kitupu siku ya pili, na ya tatu. Siku ya nne akaja mlangoni mwanamke mmoja, mwanafunzi kama sisi, aliyekuwa zamani muuguzi katika jeshi la maji. Akauliza ni nani anayekaa karibu na mtu huyu. Macho yote yakatugeukia. Akatuuliza tulimwona lini mara ya mwisho. Je, alikuwa mgonjwa? Je, twajua anakolala? Hatukuwa na jibu hata moja. Wiki tisa tumekaa naye bega kwa bega, na hata jina lake hatukulijua!

Jioni ile tulichukua daftari letu la masomo, tukauliza njia mpaka tukafika katika chumba walichopewa wanafunzi waliokuwa askari. Kilikuwa chini ya maktaba, wala hakikuwa chumba cha fakhari: viti vikuukuu, birika la kahawa, na meza ya karani. Lakini ukutani palikuwa na orodha ya majina, na mbele ya kila mwanafunzi mgeni limeandikwa jina la mwenyeji wake, aliyetangulia kusoma, ambaye kazi yake ni kumuuliza hali kila wiki. Baadhi ya wale wenyeji hulipwa na Serikali kwa saa chache za kazi hiyo, nao wenyewe ni askari wa zamani wanaosoma.

Hapa yafaa tueleze jambo hili lilivyoanza. Tarehe 22 Juni 1944, vita vikuu vya pili havijesha, Rais Roosevelt alitia saini sheria ambayo watu waliiita G.I. Bill. Kwa sheria hiyo askari aliyerudi alilipiwa ada ya masomo na akapewa posho ya kuishi. Watu wapatao 2,200,000 waliingia vyuo vya elimu ya juu kwa njia hiyo, hata mwaka 1947 karibu nusu ya wanafunzi wa vyuo hivyo walikuwa askari wa zamani. Vyuo havikuwa na nafasi. Watu na wake zao na watoto wao wakakaa katika vibanda vya mabati vilivyokuwa vya jeshi. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 2008, ikaanza kazi mwaka 2009, kwa ajili ya waliotumika baada ya Septemba 11, 2001. Aliyetimiza masharti yake hupata miezi 36 ya masomo, pamoja na fedha za nyumba na za vitabu.

Lakini sheria ni kitu kimoja, na nyoyo za watu ni kitu kingine. Wamarekani weusi walipigana vita vile vile, na sheria ya mwaka 1944 ilikuwa yao pia. Lakini kusini mwa nchi vyuo vingi vilifunga milango mbele yao. James Meredith alitumika miaka 9 katika jeshi la anga. Alipotaka kuingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962, yalizuka machafuko na watu wawili wakauawa. Akaingia akilindwa na watu wenye silaha, na ndani ya chuo wanafunzi wengi wakamtenga. Tulipoisoma khabari hiyo tulisikitika sana. Kisha tukajiuliza: Na sisi, katika kile kiti cha nyuma, tulifanya nini?

Turudi kwa jirani yetu. Fedha za nyumba haziji mpaka karani wa chuo apeleke kwa Serikali uthibitisho kwamba mtu huyu anasoma, na anasoma masomo kadha wa kadha. Karatasi ya jirani yetu ilikwama. Kodi ikamshinda, akatoka katika nyumba, akawa analala garini mwake katika baridi ya Novemba. Aliona haya kusema. Wenzake wa chumba kile ndio waliomtafuta mpaka wakampata, wakamwazima fedha, karani akaishughulikia karatasi, na mmoja wao akampeleka kwa tabibu wa maradhi ya moyo mzito, akamngojea nje.

Aliporudi darasani tulitangulia kusimama, tukamwambia, "Wa alaikumus salaam." Akacheka. "Jibu hili," akasema, "limekuja kwa miguu."

Siku ile tulikunywa naye kahawa. Akatueleza kwamba salamu alifundishwa na mkalimani wao wa Baghdad, mtu wa makamo, Mwislamu, aliyemwambia asiingie nyumba ya mtu bila ya kutoa salamu. Mpaka siku ile alikuwa akiandika barua kwa wakubwa ili mkalimani yule apewe ruhusa ya kuhamia Marekani pamoja na wanawe. Tukanyamaza kwa haya. Kisha akatuambia neno ambalo hatujalisahau: "Jeshini kila asubuhi tulihesabiwa. Ukikosekana, mtu atakutafuta. Hapa chuoni nimelipiwa kila kitu, lakini hapana anayenihesabu ila wale wa chumba kile."

Vita vya Iraki vya mwaka 2003 hatukuviridhia, na leo hatuviridhii. Wala yeye hakutuomba tuviridhie. Lakini dini yetu imetuamrisha uadilifu hata kwa tusiowapenda, na imetufunza kurudisha maamkio. Sisi tulikuwa tumemhukumu mtu kabla ya kumuuliza jina.

Tulimkumbuka babu yetu, Mungu amrehemu. Alipelekwa Burma mwaka 1944 pamoja na askari wa K.A.R. Alirudi na koti zito na fedha kidogo. Usiku alikuwa akiruka kitandani akipiga kelele, na majirani wakasema ana jini. Hapana aliyempa shule wala chumba cha kahawa. Lakini alikuwa na baraza ya msikiti, na wazee wa zama zile mtu akikosekana katika safu siku mbili tatu walimwendea kwake wakabisha hodi. Hilo ndilo lililomshika mpaka akafa.

Leo wako vijana wetu wanaorudi kutoka Kongo na Somalia, na wako wanaokwenda vyuoni mbali na wazee wao. Safu za misikiti yetu zimekuwa ndefu, lakini je, bado twahesabiana? Enyi vijana mnaosoma: mjueni jina anayekaa ubavuni mwenu, na akikosekana mmuulize. Enyi wazazi: mtoto wenu akiwaandikia kutoka masomoni, msimuulize alama zake tu, muulizeni pia ni nani atakayejua siku atakapougua.

Mwenyezi Mungu atusamehe salamu tuliyoichelewesha, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaowatafuta waliokosekana. Amin.