Fungu la Ndege

Kule Sikonge, mwinjilisti wetu alikuwa na hubiri moja alilolirudia kila msimu wa kurina asali. Ndege wa asali, alisema, humwongoza mtu hadi kwenye nyuki, na mtu asipomwachia fungu lake, mara ya pili ndege yuleyule atampeleka kwa chui. Sisi watoto tuliitikia amina kwa nguvu, hasa kwa sababu ya chui. Ukubwani nikaja kujua kwamba kisa hicho kinasimuliwa sehemu nyingi za Afrika, na kwingine chui huwa nyoka au simba. Basi nilipopata nafasi ya kwenda kwa watu wanaomfuata ndege huyu mpaka leo, nilifunga daftari na hubiri langu, nikaondoka.

Mang'ola kwanza. Ukishuka kutoka Karatu kuelekea Ziwa Eyasi unapokewa na vumbi na vitunguu, magunia kwa magunia. Wahadzabe wako mbele zaidi, kwenye vilima vya mawe na mibuyu. Ni watu wachache, elfu moja na kitu tu. Mzee niliyepelekwa kwake alinitazama viatu, akacheka kidogo, akaniambia nimfuate.

Alipiga mluzi. Haukuwa mluzi wa kuitia mbwa. Ulipanda na kushuka kama wimbo. Haukupita muda, juu ya mgunga tukasikia kelele kama ya kiberiti kinachotikiswa. Ndege mwenyewe hana sura ya kusifiwa: kijivu, mdogo, manyoya meupe yakionekana pembeni mwa mkia anaporuka. Anaruka mti mmoja, anasubiri, analia, anaruka tena. Nami nilijaribu mluzi wetu wa nyumbani, ule wa kuitana machungani. Hakugeuza hata shingo.

Tukafika kwenye mbuyu. Mzee alichonga mambo ya mti, akayapigilia kwenye shina moja juu ya jingine, akapanda bila kamba huku ameshika kijinga cha moto. Nyuki watatu waliniona mimi niliyekuwa chini kuwa ndiye mwenye makosa. Tulikula asali na majana palepale, masega yakiwa bado na joto la moshi. Kisha mzee akaokota vipande vya nta vilivyobaki, kimoja kimoja, akavitupa motoni.

“Mzee, na ndege?”

“Akishiba atalala. Akiwa na njaa, kesho atatuita tena.”

Nikamsimulia habari ya chui. Aliwatafsiria wenzake kwa Kihadza, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. “Chui yupo hapahapa,” akaniambia. “Hahitaji ndege wa kumtambulisha.”

Siku ile daftari langu lina mstari mmoja tu: mwinjilisti amepigwa.

Miezi ikapita, nikavuka Ruvuma kwenye Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 kuunganisha Mtambaswala na Negomano ya Msumbiji. Wayao wako pande zote mbili za mto, na Kiswahili changu kilinifikisha mbali kuliko nilivyotarajia. Hifadhi ya Niassa ina kilomita za mraba zipatazo 42,000, na ndani yake mna vijiji na mna warina asali.

Hapa hawapigi mluzi. Kijana aliyenichukua alitetemesha ulimi kisha akamalizia kwa mguno: brrr-hm, brrr-hm, njia nzima. Ndege alikuja, kelele zilezile za kiberiti. Mti ulipopatikana, alifunga nyasi kavu ndani ya majani mabichi, akawasha, akapandisha moshi kwa ufito mrefu, halafu mti ukaangushwa kwa shoka. Nami nikafanya kituko changu kwa kupiga ule mluzi wa Eyasi nilioufanyia mazoezi miezi yote. Kijana alicheka kwa adabu. Ndege alikaa kimya.

Baadaye nikasoma kwamba kituko hicho kilikwisha kufanywa kwa utaratibu. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walionyesha kwamba pale Niassa mlio wa Wayao huongeza uwezekano wa kuongozwa na ndege kutoka asilimia 33 hadi 66. Mwaka 2023, yeye na Brian Wood walieleza jinsi ndege wa upande wa Wahadzabe wanavyouitikia mluzi wa Kihadza zaidi ya mara tatu kuliko mlio wa Kiyao. Na si mama aliyewafundisha. Ndege huyu hutagia kwenye viota vya wengine, kama keremkerem, na kinda lake, likiwa bado halijafungua macho, hutumia ndoano ya mdomoni kuwaua makinda wenye nyumba. Jambo hili mwinjilisti hakulihubiri kamwe.

Nirudi kwenye mti ulioanguka. Asali ilipokwisha kuingia ndooni, kijana alichuma majani mabichi, akayatandika chini, akapanga nta juu yake polepole, kama anayemwandalia mgeni. “Huyu ni mwenzetu,” alisema, tukaondoka bila kugeuka.

Nilitaka kufurahi kwamba mwinjilisti ameshinda. Lakini ndege wa Eyasi anachomewa nta na kesho yake anarudi. Wa Niassa anatandikiwa majani na kesho yake anarudi. Suleimani alimtuma mvivu kwa chungu, na Qur'ani ina sura nzima iliyopewa jina la nyuki, kwa hiyo sina ugomvi na kujifunza kwa viumbe. Ila fungu lile juu ya majani ni dini ya Wayao, si ya ndege. Ndege anataka nta. Mzee wa Eyasi naye simwiti mchoyo, maana anamjua ndege wake kwa njaa, kama anavyojijua mwenyewe, na hakunidanganya kwa kumtaja chui.

Mwaka jana nilikuwa Sikonge. Mwinjilisti ameshafariki. Asali inatoka kwenye mizinga, na vijana wanaijua kwa bei ya ndoo. Asubuhi moja nilisikia kiberiti kikitikiswa juu ya mninga nyuma ya nyumba, na hakuna aliyeinua kichwa. Niliomba kipande cha nta kwa shemeji, nikakiweka juu ya jani chini ya mti ule.

Jioni hakikuwapo. Huenda walikuwa sisimizi.