Namba za Mlango Wetu

Tulihamia Chamazi kabla Azam hawajajenga uwanja wao, wakati viwanja vingi vilikuwa bado mikorosho na ukitoka Mbagala Rangi Tatu unafika umejaa vumbi hadi kwenye kope. Nyumba haikuwa na plasta. Mlango wa mbele ulifungwa kwa komeo ndani na kufuli nje, na ufunguo ulikuwa mmoja. Mama akienda sokoni aliuacha kwa bibi wa jirani. Ukirudi shule unapitia kwake kwanza: shikamoo bibi, unaulizwa umekula nini, umechelewa wapi, ndipo unapewa. Bibi yule alijua nani kaingia kwetu, saa ngapi, na kafuatana na nani.

Wezi wa usiku hawakuhangaika na kufuli. Walikuja na fatuma, lile jiwe zito la kubebwa na zaidi ya mtu mmoja. Likitua mara mbili mlangoni fremu inang'oka, kufuli lenyewe zima kabisa. Kwa hiyo mtaa ukaanza kujihami: nondo madirishani, milango ya mninga, geti la chuma, mwisho kuta zenye vipande vya chupa juu. Kuta zilipopanda, bibi hakutuona tena. Hilo hakuna aliyelihesabu kwenye gharama za ujenzi.

Kitasa cha namba kilikuja baada ya 2022, mwaka ambao habari za genge la Panya Road zilifanya watu wafunge milango kabla ya isha. Mdogo wangu alikinunua Kariakoo. Fundi akatoboa mlango, akaweka betri nne, akamwambia mama kwamba tarakimu nne zinatoa namba elfu kumi tofauti.

“Kwani Panya Road atasimama hapo abonyeze zote?” mama akauliza.

Fundi akacheka. Hesabu yake ilikuwa sahihi, ila mama alichagua namba asiyoweza kuisahau, mwaka aliozaliwa. Baada ya muda vitufe vinne vikafifia, 1 na 9 vikiwamo. Tarakimu nne zikishajulikana, mipangilio inabaki 24 tu, na mwenye akili akiona 1 na 9 hahitaji hata hiyo. Tena chini ya vitufe, nyuma ya kifuniko kidogo, kuna tundu la ufunguo wa kawaida kwa ajili ya siku betri zikiisha. Kwa hiyo anayejua kuchokonoa kitasa cha zamani, hiki nacho anakiweza.

Lililonisumbua zaidi ni jinsi namba ilivyosafiri. Dada wa kazi alipewa, fundi bomba akapewa, mpwa wetu wa Kilwa akatajiwa kwa simu, mama akiwa ndani ya daladala, kwa sauti ile ya watu wa zamani wanaodhani simu ya mbali inahitaji kelele. Dada alipoacha kazi aliondoka nayo kichwani. Ufunguo ungerudishwa mezani siku ya kulipana mshahara. Namba inabadilishwa, ndiyo, lakini kwetu aliyejua kuibadilisha ni mdogo wangu peke yake, naye anaishi Goba.

Sikidharau kitasa hicho. Watoto hawakai tena juani wakisubiri mtu mzima, na jirani yetu mwenye vyumba vya kupangisha anakisifu kila siku: mpangaji akihama, anabadili namba jioni hiyohiyo, hanunui kitasa kipya. Kwake ni faida ya kweli. Lakini usiku kinachomzuia mtu ni nondo na ukuta, na jirani atakayetoka ukipiga yowe.

Mwaka huu mama alipopokea hela ya mchezo wa kupokezana, mdogo wangu alimletea picha za kitasa cha alama ya kidole. Mama akazitazama, akamrudishia simu, akamwita fundi wa kuchomelea. Fremu ya mbao iling'olewa, ikawekwa ya chuma, mikono yake ikazamishwa ukutani kwa zege.

“Na hiki cha namba, mama, nikitoe?”

“Kiache. Wajukuu wamekizoea.”