Jasho la Mabati

Leo tuache programu kidogo tupande darini.

Nyumba ya mama hapa Majengo, Embu, ina chumba chini ya paa chenye vidirisha viwili vilivyochomoza juu ya mabati. Ndimo ninamofanyia kazi. Februari ni tanuri. Julai ni baridi na mawingu, maana tuko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari.

Februari mwaka jana mama alinipa akiba yake ya mauzo ya muguka tukitengeneze. Nikajifanya mjuaji. Nilibandua mbao za dari, nikashindilia pamba ya nyuzi za kioo mpaka ikagusa mabati, nikarudisha mbao. Kipimajoto changu, DS18B20 kilichounganishwa na Arduino, kilinisifu: joto la mchana lilishuka.

Julai, usiku mmoja usio na mvua, tone likaangukia kibodi. Mbao kando ya vidirisha zilikuwa na madoa ya kahawia.

Nikamwita fundi. "Kijana, umeliziba paa pua," akasema.

Kumbe pumzi yetu na mvuke wa chai hupenya kwenye maungio ya mbao. Mabati hupoa usiku, na mvuke ukiyagusa hugeuka maji. Hewa inayopita chini yake ndiyo huyakausha. Kwenye vidirisha mambo ni magumu zaidi: boriti zimekatwa hapo, hivyo hewa inayopanda hugonga kidirisha na kukwama.

Tulitupa pamba iliyolowa na kupunguza iliyobaki, tukaacha nafasi ya sentimita 5 chini ya mabati. Mabati yamepigiliwa kwenye mbao nyembamba zilizolala juu ya boriti, kwa hiyo hewa sasa hukizunguka kidirisha kwa pembeni. Tukaweka matundu yenye wavu ukingoni na kileleni mwa paa, tukaziba maungio ya dari kwa silikoni.

Kumwambia mama ndiko kulikuwa kazi. Hakugomba. Aliuliza tu, "Kwani fundi hukumwona tangu mwanzo?"

Kipimajoto hakikunidanganya. Nilikiuliza joto, kikajibu joto, unyevu sikuuuliza. Siku hizi pembeni yake kuna DHT22, ambayo hupima unyevu pia.