Mgawa Mpira na Wana wa Ziwani

Msafiri atokaye Kisumu kwenda kisiwa cha Rusinga aweza kupitia Bondo hadi Luanda Kotieno, akavuka kwa feri mpaka Mbita, kisha akaingia kisiwani kwa daraja. Huko ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Jengo la kaburi lake lina umbo la risasi. Wengi wafikao hapo hukumbuka siasa za uhuru na vyama vya wafanyakazi. Ni wachache wakumbukao kwamba jina la mwana huyo wa Rusinga limefungamana na jina la Jackie Robinson, mchezaji Mweusi wa Marekani aliyeanza kujulikana katika viwanja vya vyuo.

Robinson alizaliwa tarehe 31 Januari 1919 katika mji wa Cairo, jimbo la Georgia. Baba aliitoroka familia, naye mama, Mallie, akawachukua wanawe watano hadi Pasadena, California, akawalea kwa ujira wa kazi za nyumbani mwa watu. Mmoja wa wana hao, Mack, alishinda medali ya fedha katika mbio za mita 200 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936, nyuma ya Jesse Owens. Aliporudi nyumbani, kazi aliyoipata ilikuwa ya kufagia barabara. Mdogo wake aliyaona hayo kwa macho yake.

Katika Chuo cha Pasadena, Jackie alicheza nafasi ya kwotabeki katika mpira wa Kimarekani. Mchezo huo si kandanda ambayo wakazi wa Kisumu huijazia uwanja. Mpira wake una umbo la yai, hubebwa kwa mikono, na timu hupigania ardhi hatua kwa hatua. Kwotabeki ndiye mgawaji. Mpira humfikia yeye mwanzo, naye hupaswa kuamua kufumba na kufumbua: aukimbize mwenyewe, amkabidhi mwenziwe aliye karibu, au aurushe kwa aliye mbali. Ni nafasi ya akili na uongozi, na kwa miaka mingi Wamarekani Weusi walinyimwa nafasi hiyo kwa dhana potofu kwamba wao ni watu wa mbio tu, si wa kuamua. Kwa hiyo kijana huyo alikuwa akiikanusha dhana hiyo kila alipoushika mpira.

Mwaka 1939 alijiunga na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Huko alikuta timu iliyokuwa na Weusi wengine, akiwemo Kenny Washington, jambo lililokuwa nadra katika vyuo vikubwa vya wakati huo. Msimu huo timu haikufungwa hata mara moja: ilishinda michezo 6 na kutoka sare 4. Msimu uliofuata, Washington akiwa amekwisha kuondoka, timu ilishinda mchezo mmoja tu, ijapokuwa Robinson aliwapita wenzake wote kwa kukimbia na kwa kurusha mpira. Aidha, alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa chuo hicho kupata nishani za michezo minne: mpira wa Kimarekani, mpira wa kikapu, besiboli na riadha.

Hata hivyo, mwaka 1941, shahada ikiwa karibu kabisa, aliondoka chuoni. Mama yake alimsihi abaki. Rachel, mchumba wake, alimsihi vilevile. Hakubali. Aliamini kwamba elimu, hata iwe nyingi vipi, haingempatia mtu Mweusi kazi. Ligi kuu ya mpira wa Kimarekani ilikuwa haichukui Weusi, na mtu aliyemwona ndugu yake mwenye medali akishika ufagio hawezi kulaumiwa kwa urahisi. Wanafunzi wengi wa vyuo vikuu vya Kenya leo, wanaowatazama kaka na dada zao wenye shahada wakizunguka na bahasha, wanaijua fika hoja yake.

Yaliyofuata yanafahamika kote duniani. Akiwa afisa wa jeshi mwaka 1944, aliamriwa kuhamia nyuma ya basi, akakataa. Alishtakiwa katika mahakama ya kijeshi na kuachiliwa huru. Tarehe 15 Aprili 1947 aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers, akawa Mweusi wa kwanza katika ligi kuu za besiboli za karne ya 20. Alitukanwa na kutishiwa, akastahimili. Mwaka 1949 alitajwa kuwa mchezaji bora wa ligi yake, na baada ya msimu wa 1956 akastaafu.

Huku nyuma, upande huu wa dunia, Mboya alikuwa amekua. Alizaliwa mwaka 1930 katika shamba la mkonge huko Kilima Mbogo, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi. Alisoma Yala, kisha Mang'u, akaacha masomo ya sekondari kwa uhaba wa fedha, akasomea kazi ya ukaguzi wa afya. Baadaye alikaa mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford. Shahada hakupata. Ndiye huyo aliyezunguka Marekani mwaka 1959 akiviomba vyuo viwape vijana wa Kenya nafasi za masomo. Nafasi zilipatikana; nauli haikupatikana. Serikali ya kikoloni haikuuunga mkono mpango huo. Nyumbani watu walichanga, lakini mchango wa kijijini hauwezi kukodi ndege ya kuvuka bahari.

Hapo ndipo Robinson alipoingia. Pamoja na Harry Belafonte na Sidney Poitier, alitia saini barua ya kuomba michango kutoka kwa Wamarekani. Fedha zikapatikana, na mnamo Septemba 1959 wanafunzi 81 wakatua New York. Hadi mwaka 1963 takriban vijana 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamesafiri kwa mpango huo. Wangari Maathai, aliyetunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alikwenda mwaka 1960. Aliyekataa kuhamia nyuma ya basi alikuwa amewasaidia wengine kupata viti vya ndege.

Kuna fumbo hapa linalostahili kutafakariwa. Watu wawili wasiokuwa na shahada, mmoja aliyeiacha kwa hiari na mwingine aliyezuiwa na umaskini, ndio waliowafungulia mamia mlango wa chuo kikuu. Je, Robinson alikuwa amejipinga mwenyewe? La hasha. Mwaka 1941 aliitazama elimu kama mali ya mtu mmoja, na kwa mtu mmoja aliyezingirwa na ubaguzi haikuwa na thamani kubwa. Mwaka 1959 nchi ilikuwa ikikaribia uhuru, ikihitaji walimu, madaktari na wahandisi kwa wingi. Mtu mmoja mwenye shahada aweza kuzuiwa mlangoni. Mamia wakifika pamoja, mlango wenyewe hauna budi kubadilika. Kwotabeki aliyekuwa ameshindwa kuukimbiza mpira peke yake aliamua kuurusha kwa walio mbali. Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Robinson aliaga dunia tarehe 24 Oktoba 1972, akiwa na umri wa miaka 53. Mwaka uliofuata Rachel, ambaye sasa alikuwa mjane wake, alianzisha wakfu wa kuwasomesha vijana wasio na uwezo. Huku Nyanza, mji wa Homa Bay una chuo kikuu chenye jina la Tom Mboya, umbali mfupi kutoka maji yanayoizunguka Rusinga. Mwanafunzi aingiaye humo na shaka ileile ya mwaka 1941 hana sababu ya kuionea haya. Kazi huenda isipatikane upesi. Lakini mpira umekwisha kumfikia mkononi, na kwotabeki haulizwi tu aliupataje. Huulizwa pia amempa nani.