Chakula cha Mchana Kabondo Dianda

Mji wa Kamina umekua kwa sababu ya reli. Njia ya kutoka Bukama hata Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo, ilikamilika mwaka 1928. Na mwaka 1956 likafunguliwa tawi la kwenda Kabalo. Hivyo Kamina ikawa njia panda: huku Lubumbashi, huku Kasai, huku Lualaba na Tanganyika. Tangu mwaka 2015 mji huu ni makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Lakini siku hizi treni ni chache, na mtu mwenye haraka hutafuta pikipiki. Basi sisi, walimu wawili wa shule moja, tulipopata siku ya mapumziko mwezi wa Julai, tuliazimu kwenda Kabondo Dianda, katika njia ya Bukama, tule chakula cha mchana na kurudi siku ile ile.

Huenda msomaji akauliza: je, yafaa kuchoma petroli kwa ajili ya sahani moja? Jibu letu ni samaki. Kabondo Dianda iko karibu zaidi na mto Lualaba, na karibu na bonde la Upemba, lenye maziwa ya Upemba na Kisale, ambamo watu wamevua tangu karne nyingi. Samaki wengi wanaofika Kamina wamekwisha kukaushwa kwa moshi. Nao ni wema, wala hatuwadharau. Lakini aliyezaliwa kando ya maji hukumbuka ladha ya samaki mbichi, na mmoja wetu ndiye huyo.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Kamina imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Julai ni za baridi; tulivaa makoti, tukafunga vitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Tulichukua lita sita za petroli, pampu, kiraka cha mpira na chupa mbili za maji. Njia ni ya udongo mwekundu, na mahali pengine ni mchanga mtupu, ambapo gurudumu huyumba kama mtu mlevi. Katika mchanga dereva asishike breki kwa ghafula. Apunguze mwendo mapema, anyooshe miguu, aiache pikipiki ijitafutie njia. Pande zote mbili ulikuwa msitu wa miti mifupi, na majani yaliyochomwa moto wa kiangazi, meusi hata upeo wa macho.

Watu tuliokutana nao zaidi si wenye pikipiki, bali ni wasukuma baiskeli. Mtu hafunga baiskeli yake magunia ya mahindi, au makaa, au vikapu vya samaki wakavu, hata pasiwe na mahali pa kukalia. Hufunga fimbo kwenye usukani ili aweze kuuongoza akiwa ubavuni, kisha huisukuma kwa miguu siku mbili, siku tatu, na zaidi. Kazi ya mabehewa leo imewaangukia mabega ya vijana hawa. Tulipowakaribia tulipunguza mwendo, ili tusiwatie vumbi machoni, nao wakatuinulia mkono.

Tulifika kabla ya saa sita. Tuliuliza palipo na chakula kizuri, tukaelekezwa kwenye mkahawa mmoja mdogo: kuta za matofali, paa la bati, meza tatu na mabenchi, na nyuma yake jiko la makaa chini ya kivuli cha mwembe. Mama mwenye mkahawa alitukaribisha kwa heshima. "Karibuni, batata. Mmetoka mbali, makoti yenu yasema." Binti yake alituletea beseni, birika la maji ya moto na sabuni, tukanawa.

Kisha chakula kikaja. Kwanza bukari, ule uitwao ugali mahali pengine, wa unga wa mahindi uliochanganywa na wa mihogo, wenye moto hata usishikike. Kisha sombe, majani ya mihogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa mafuta ya ngazi. Kisha samaki, mzima, kichwa kwa mkia, katika mchuzi wa nyanya na vitunguu, na pilipili pembeni kwa apendaye. Nyama yake iliachana na mfupa bila kulazimishwa. Hatukusema neno kwa muda mrefu. Na bei ya sahani ilikuwa chini ya bei ya lita mbili za petroli.

Tulipokuwa tukila, kijana mmoja aliegemeza baiskeli yake ya makaa ukutani, akaingia. Alihesabu fedha zake mara mbili, akaomba bukari na mchuzi mtupu. Mama akampakulia, akaweka na kipande cha samaki. Kijana akasema, "Mama, sikuagiza samaki." Mama akajibu, "Utalipa ukirudi." Akaokota kipande cha kaa, akachora mstari mmoja kwenye ubao nyuma ya mlango. Ubao ule ulijaa mistari, mafungu kwa mafungu. Mingine imekatwa, mingine bado.

Kijana alipokwisha kuondoka, tulimwita mama pembeni, tukataka kulipa deni lile. Hakukubali. "Batata, nawashukuru," alisema. "Lakini mkimlipia, nitamwambia nini? Atajua kwamba wageni walimwona maskini, naye atapita njia nyingine kwa aibu. Sasa anajua ana deni kwangu, na mimi nina mteja. Atarudi." Tulimwuliza kama wote hurudi. Alicheka: "Wote, hapana. Walio wengi, ndiyo. Na hao ndio wanaomsomesha mwanangu." Mwana huyo yuko shule ya sekondari, maana ingawa serikali iliondoa karo katika shule zake za msingi mwaka 2019, katika sekondari mzazi angali anabeba mzigo.

Maneno hayo tuliyatafakari. Baluba wa kale walitunza habari za wafalme wao kwa lukasa, ubao mdogo wenye shanga, ambao mjuzi aliusoma kwa kupitisha vidole. Ubao wa mama huyu haukumbuki wafalme. Wakumbuka wasukuma baiskeli, na majina yao yumo kichwani mwake tu. Lakini nao ni kumbukumbu, na umesimama juu ya neno la mtu. Sisi tulidhani msaada ni kutoa fedha mfukoni. Yeye alikuwa amekwisha kumsaidia yule kijana kwa njia iliyo bora: alimshibisha, asimwondolee heshima yake.

Ndugu msomaji, ukipata siku ya mapumziko, nawe nenda. Chagua kiangazi, maana wakati wa mvua njia hizi ni matope. Ondoka mapema, na uanze kurudi saa saba au saa nane, ili giza lisikukute mchangani. Wapishe wanaosukuma. Na ukifika mkahawani, usibishanie bei na mama aliyeamka alfajiri kuwasha moto. Lipa kinachokupasa, kwa shukrani. Wazee husema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona iwapo mgeni amekuja kumpunja.