Joka Liko Wapi?

Likizo ya Juni mjukuu wangu aliletwa kwangu Mbalizi kutoka Dar es Salaam. Huku kwetu Juni ni mwezi wa baridi. Asubuhi mtu hatamani kutoka nje mpaka jua lipande. Kijana akajikunyata sebuleni, akainamia simu yake. Mimi niliyefundisha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini nilikwisha kumhukumu kimoyomoyo: huyu amepotea.

Siku ya tatu nilimwuliza afanyalo. "Babu, nalinda ngome," akajibu, akanisogezea kioo. Niliona ubao wa miraba, na juu yake wachawi, mashujaa na joka litemalo moto. Kila upande una zamu yake. Mchezaji hukaa, hupima, hukisia jibu la mwenzake, ndipo agusapo kioo. Nilitazama nusu saa nzima bila kujua kwamba muda unapita. Ndipo nilipoukumbuka ubao wangu uliokuwa juu ya kabati.

Ni ubao wa bao la Kiswahili: safu nne, mashimo 32, kete 64. Nilikuwa nikiucheza na mwenzangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu. Tulianza tukiwa wanachuo, tukaendelea hadi tulipostaafu, kila Jumapili alasiri. Kila alipoitikisa safu yangu alisema, "Mwalimu, nyumba yako inavuja." Alifariki miaka minne iliyopita, na tangu hapo sikuwa nimeushusha ubao ule.

Niliufuta vumbi, nikampangia kijana kete 10 ubaoni na kumpa 22 mkononi, nami vivyo hivyo. Alitazama zile mbegu kavu, zote za rangi moja, akauliza bila kejeli: "Babu, joka liko wapi?"

Swali hilo lilinikosesha usingizi. Jibu nililompa asubuhi ndilo ninalotaka kuwaletea ninyi mpendao lugha: joka la bao limo katika maneno. Lile shimo la mraba huitwa nyumba, nayo huwekwa akiba, hulindwa, na huweza kubomolewa. Shimo la mwisho ni kichwa. Kete hula na huliwa. Ikiangukia shimo tupu, hulala. Anayekosa cha kula hutakata. Kwanza tunanamua, tukiingiza kete za mkononi moja moja; zikiisha, tunaingia katika mtaji, neno lile lile la mwenye duka anayehesabu alichonacho. Mchongaji hakuchora hata jicho moja juu ya mti, lakini mtu akisema "nyumba imeliwa," watazamaji wote huguna kana kwamba paa limeanguka. Ushairi hufanya kazi hiyo hiyo. Mwalimu Nyerere, aliyetafsiri tamthilia za Shakespeare kwa Kiswahili, alikuwa pia mchezaji wa bao, nami sioni ajabu kwamba mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja.

Nilimwuliza mjukuu hatua za mchezo wake zinaitwaje. Alizitaja zote kwa Kiingereza. Nilipomwomba Kiswahili chake, alinyamaza. Sikumlaumu. Maneno ya mchezo hurithiwa kwa kukaa kando ya wanaocheza, na yeye hakuwa amekaa kando ya mtu. Hucheza na wapinzani asiowasikia. Bao nalo limekwisha kuingia simuni, na humo simu hugawa kete yenyewe bila kukosea. Lakini haigunii, wala haimtanii aliyeshindwa.

Hata hivyo, haki isemwe: ile simu ilikuwa imemfunza subira. Kwa siku mbili alishika kanuni ambazo wanafunzi wangu wengi zingewachukua mwezi. Tena aliona jambo ambalo mimi sikuwahi kulitamka. "Babu, kwangu askari akishindwa anatoweka. Hapa kete ikiliwa inahamia tu kwa mwenzake." Ni kweli. Kete hazitolewi ubaoni. Mchezo huanza na kete 64 na huisha na 64.

Siku moja kabla ya kuondoka alinamua kete moja, akala, akazungusha kutoka kichwani, akala tena. Mkono wake ulipopumzika, nyumba yangu ilikuwa tupu. Aliinua macho, akasema taratibu, "Babu, nyumba yako inavuja."

Sikuwa nimemfundisha maneno hayo. Bila shaka nilikuwa nikiyasema mwenyewe wiki nzima, kila nilipomla, pasipo kujisikia. Nilishika kete iliyofuata muda mrefu kabla ya kuitia shimoni. Kijana alidhani napiga hesabu, akaningoja kwa adabu.