Heshimu Caldina ya Mwalimu

Eastlands tunajua kupiga kelele. Huku ndiko nyumbani kwa nganya, zile matatu zenye grafiti kutoka bampa hadi paa na muziki unaousikia ukiwa bado jikoni. Simama steji ya Umoja, ama ungoje 58 ya Buruburu, uone vile wanafunzi wanaachilia gari tupu ipite wakingoja ile yenye jina. Mimi sina shida na nganya. Lakini wacha niseme kitu kitaudhi wengi: tukifika mambo ya mbio, nganya ni mdomo tu. Gari ya kuheshimu mtaani ni ile hujawahi kuiangalia mara mbili.

Iko kwa kila pakingi ya esteti. Rangi ya fedha, kiti cha mtoto nyuma, stika ya kanisa kwa kioo, vumbi la wiki mbili. Wanaojua magari huiita slipa. Si zile slipa za bafu, mazee. Ni gari inayoonekana imelala, kumbe imefumba macho tu.

Kwa ploti yetu kuna mwalimu ana Toyota Caldina. Ukiiona utadhani kazi yake ni kubeba gunia la viazi kutoka ushago, na Caldina nyingi ni hivyo kweli. Yake ni GT-Four. Toyota iliitengeneza kati ya 2002 na 2007: injini ya lita 2 yenye tabo, nguvu za farasi 260, na magurudumu yote manne yanavuta. Injini hiyo inaitwa 3S-GTE, na ya ukoo huohuo ndiyo ilikuwa ndani ya Celica ambayo Mkenya mwenzetu Ian Duncan alishinda nayo Safari Rally mwaka wa 1994. Yaani damu ya bingwa wa Safari inaenda Mutindwa kununua sukuma wiki na nyanya.

Subaru Forester nayo ilianza kuuzwa 1997. Ukitoa lile umbo lake la sanduku, chini kuna msingi wa Impreza, gari ambayo Colin McRae alishinda nayo Safari mwaka huohuo. Mark X ya kizazi cha pili, ile ya 2009 kuja huku, inapakwa rangi za heshima na kuendeshwa na watu wa vitambi. Lakini ukipata ile ya lita 3.5, una farasi 318 zinazosukuma magurudumu ya nyuma. Hiyo si gari ya kuringia ukiwa kwa matatu.

Na Probox je? Hapa najua mtanirukia. Probox ya lita 1.5 ina farasi 109 hivi. Kwa karatasi, hiyo si slipa. Sifa yake imetoka kwa dere na mzigo. Miraa ikishakatwa Meru inapoteza thamani kila saa inayopita, kwa hivyo anayeibeba hana muda wa salamu. Mpe mtu huyo gari nyepesi isiyoharibika ovyo na utaona maajabu. Mbio za Probox ni za kutafuta unga. Injini inafuata tu amri.

Huu mchezo wa gari ya kawaida kuaibisha wakubwa haukuanza na sisi. Mwaka wa 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika na wengine. Mtumba, kwa lugha ya Gikomba. Mwaka uliofuata Bert Shankland akatoka Dar es Salaam na Peugeot 404 akashinda, halafu 1967 akarudia. Hiyo 404 ni aina ileile iliyokuwa ikibeba familia na abiria wa teksi Afrika Mashariki nzima. Babu zetu walisimama kando ya barabara wakishangilia gari ambayo jirani alikuwa nayo nyumbani.

Ndio maana naona slipa ni gari ya Eastlands kabisa. Hapa ukinunua gari ya kujionyesha, fundi anakupa bei ya mheshimiwa, binamu hujawahi kumsikia anapiga simu, na asubuhi unaamka vioo vya pembeni havipo. Slipa inakuacha uishi. Una kitu na hujatangazia mtu. Ni akili ileile ya mathe anayeweka pesa kwa kopo la majani chai. Mwizi atapekua mkoba, kopo hataligusa.

Lakini kuna kitu kimoja kinanisumbua, na sijaona mashabiki wa magari wakikiongelea.

Dadangu mdogo yuko Gredi ya Saba na anavuka Outering kila siku ya shule. Daraja la miguu liko, lakini unajua vile watu wetu hupita chini wakichelewa. Nimemtazama akivuka. Hapimi mbio, anapima sura ya gari. Akiona nganya inakuja na honi zake, anangoja. Akiona Subaru yenye ekzosi ya kulia kama radi, anangoja. Akiona Caldina ya rangi ya fedha iko mbali kidogo, anaingia barabarani. Kichwani mwake hiyo ni gari ya mwalimu, na walimu hawakimbii.

Sote huvuka hivyo, hata wewe. Nganya, pamoja na fujo zake zote, inakuonya kabla haijafika. Slipa haikuonyi. Kati ya madereva wawili, huko kujificha ni utani mtamu. Kwa mtu wa miguu ni mtego.

Piga hesabu. Gari iko mita 100 kutoka kwako. Ikija kwa kilomita 50 kwa saa, una sekunde saba za kuvuka. Ikija kwa 100, una tatu na kitu. Dere naye akikanyaga breki kwa 100, umbali wa kusimama hauongezeki mara mbili, unaongezeka karibu mara nne. Na kila mwaka takwimu za NTSA zinasema jambo lilelile: watu wa miguu ndio wanakufa wengi zaidi kwa barabara zetu. Si madereva, si abiria. Ni wale waliokuwa wakivuka.

Sasa bro yangu mkubwa anaweka akiba anunue GT-Four kama ya mwalimu, na mimi ndiye nimepewa kazi ya kumsaidia kutafuta. Sijamkataza. Nimempa masharti mawili.

La kwanza, pesa ya kwanza baada ya logbuku ni ya breki, tairi na shokabi. Hizi gari zina umri sasa. Wasee wengi wananunua nguvu halafu wanaziachia breki zilizochoka na tairi za mitumba, kisha wanashangaa gari inakimbia vizuri na kusimama vibaya. Gari isiyoweza kusimama haina haki ya kukimbia.

La pili, mtaani uiendeshe vile inavyoonekana. Kama inafanana na gari ya mwalimu, basi Outering, Jogoo Road na Kangundo Road iende kama ya mwalimu. Ukitaka kuiamsha, Kiambu kumekuwa na mashindano ya KiambuRing: barabara inafungwa, gari zinatoka moja moja, saa inahesabu. Huko hakuna mtoto mwenye begi anayekadiria sura yako.

Bro akaniuliza, "Sasa farasi 260 ni za nini kama natembea kama mwalimu?"

Nikamwambia amuulize mwalimu mwenyewe. Huyo jamaa hupitwa na Vitz pale Donholm na hageuzi hata shingo. Anajua kilicho chini ya boneti, na hana haja ya mtoto wa mtu kukijua kwa njia mbaya. Pesa ya kopo la majani haipungui kwa sababu hujaitumia leo.

Wewe ukiwa na slipa, jivunie. Waaibishe wakubwa pale panaporuhusiwa. Lakini ukifika Mutindwa saa kumi jioni, watoto wametoka shule, kumbuka kwamba wao wameamini sura ya gari yako. Usiwafanye waongo.